Juzuu Saba Nilizokwenda Nazo Vitani

Siku ile nilikuwa likizo, nimejilaza kwenye kitanda cha kamba uani kwa mama, Wawi, najifanya sisikii. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kutoka jikoni mpaka mlangoni. Mama alikuwa akizigeuza kwa mguu, na kila akifika usawa wa kitanda changu anazigeuza kwa nguvu zaidi ili vumbi linipate. Mimi mtu mzima, koplo wa jeshi, nina tepe mbili mkononi na masharubu yaliyoanza kukubali. Lakini kwa Bi Raya, mama yangu, nilikuwa bado ni yule mtoto aliyekimbia chuo.

Ng'ambo ya njia ndiko kilikokuwa chuo chenyewe, barazani kwa Maalim Faki. Watoto walikuwa wanasoma. Asiyewahi kusikia chuo cha Kurani cha zamani atadhani nazidisha, lakini ndivyo kilivyokuwa: watoto zaidi ya ishirini juu ya jamvi moja, kila mmoja na mahali pake katika msahafu, wote wanasoma kwa sauti kwa pamoja, wanayumba mbele na nyuma. Mgeni akipita anadhani samaki wameshuka pwani watu wanagombania. Katikati ya ghasia ile amekaa Maalim Faki anashona kofia, macho kwenye sindano. Enzi zetu, bila kuinua uso, alikuwa akisema tu, "Salima, rudi." Na kweli, Salima karuka neno.

Asubuhi mtu huyo huyo alikuwa akisomesha sayansi na hesabu skuli. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, na babu yake pia, ila yeye alipelekwa skuli akaongeza na mambo ya umeme na maji na sauti. Hakuwa mrefu. Hakuwa mkali wa uso. Lakini masikio yale! Tulikuwa tunaambiana kwamba Maalim anasikia mtu akifikiria kukosea.

Mimi nilimjaribu kwa kila hila. Nilikuwa nikifika mahali pagumu nashusha sauti, narudi kwenye sura ninayoijua, naipigia makelele kama muadhini. Anashona, anashona, halafu: "Hamadi, hiyo tuliimaliza mwaka jana." Bakora ikafuata. Mama alikuwa ameshamwambia mbele yangu kwamba macho na mifupa ni yake yeye, vilivyobaki afanye atakavyo. Ndipo siku moja nikaliacha jamvi, nikapitia uchochoroni, nikawa mtu wa kuvunja mawe, wa kuchuma karafuu, mwisho wa jeshi. Nyuma yangu niliacha juzuu saba kati ya thelathini za Kurani.

Kwetu mtoto akimaliza Kurani anahitimu. Anavishwa kanzu mpya na joho, anapigiwa dufu, anatembezwa mtaani, mama yake anapigiwa vigelegele na Maalim anapewa kitambaa chake. Mama alikuwa amefuga mbuzi kwa ajili ya siku yangu. Mbuzi yule alizeeka akaliwa sikukuu. Akafugwa mwanawe. Siku ile ninayoieleza, aliyefungwa karibu na kisima alikuwa mjukuu.

"Wamsikia yule?" mama aliniuliza, kidole ng'ambo ya njia. "Mtoto wa miaka tisa. Ijumaa ahitimu. Nami sifi mpaka nikuone wewe, ujue. Utanichosha kuishi."

Nikacheka nikageukia upande wa pili. Redio ya jirani ndiyo iliyonigeuza tena. Nduli alikuwa ameingia Kagera na jeshi lake, na wanajeshi wote walio likizo warudi vikosini. Mama aliacha karafuu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mguu kama nilipokuwa mdogo, na hakusema kitu tena kuhusu chuo.

*

Kagera nilijifunza kwamba matope yana uzito. Nilijifunza pia kula ndizi asubuhi, mchana na jioni, ndizi za kupikwa, na si ndizi zilizonishinda bali nazi, maana nazi haikuwepo. Nilikuwa na seksheni yangu ya vijana wa bara, wazuri, wavumilivu, na hapana hata mmoja aliyeelewa ninavyoumia. Aliyejaribu kuelewa alikuwa Kristofa, mtu wa Mbinga, mbebaji wa bunduki kubwa ya seksheni. Kwao alikuwa katekista. Alisomesha dini watoto wa kigango kizima, kwa hiyo alikuwa na ile subira ya kuuliza jambo moja mara tano.

"Sasa hiyo nazi," aliniuliza, "ina utamu gani hasa?"

"Yakhe, wacha tu."

Baada ya muda wakaletwa mgambo wa kutuongezea nguvu. Gari lilisimama, watu wakaanza kuruka, mabegi yanadondoka kwenye matope. Mmoja hakuruka. Alishuka taratibu kwa mguu mmoja baada ya mwingine, kofia ya chuma imemmeza mpaka kwenye nyusi, na chini ya chuma, wallahi, nikaona ukingo wa kofia ya kushona.

Miguu yangu ilinitangulia. Kabla sijafikiri nilikuwa nimefika mbele yake, nimeinama, nimeushika mkono wake naubusu. "Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Walimu wa skuli walikuwa wamefanyishwa mafunzo ya mgambo viwanja vya Gombani, na walipohitajika watu, Maalim Faki hakungoja kuitwa mara mbili. Yote hayo aliyaeleza nimesimama na mkono wake mkononi, seksheni yangu nzima inakodoa macho. Luteni wetu, kijana mwenye haraka, alikuwa ameona kwamba sote wawili ni Wapemba, akaona atanifanyia hisani akimweka kwangu. Sasa alikuwa hana hakika.

"Koplo," alisema, "hapa nani anamwamuru nani?"

"Mimi namwamuru yeye, afande."

"Ndiyo, afande," Maalim akasema kwa heshima kabisa. "Yeye ataniamuru mpaka alasiri."

Luteni hakuelewa. Mimi nilielewa ilipofika alasiri. Maalim alifungua begi lake, akatoa kitu kilichofungwa kwa nailoni na kamba ya ukindu, na sikuhitaji kukifungua kukijua. Ulikuwa msahafu wangu wa chuo, ule ule wenye doa la embe. Mama alikuwa amemfuata usiku wa kuamkia safari, akamkabidhi, akamwambia: nakupa na huyo mtoto, ukimkuta huko mmalize.

"Tuliachia wapi?" Maalim aliniuliza.

"Maalim, tuko vitani."

"Naona. Tuliachia wapi?"

*

Nitasema kweli, na anayetaka kucheka acheke: miezi ile ilikuwa na furaha kuliko miaka yangu mingi ya amani. Asubuhi mimi ndiye mkubwa. Namwambia Maalim achimbe, anachimba. Abebe maji, anabeba. Anasema "ndiyo koplo" bila kejeli yoyote. Alasiri, kukiwa shwari, tunakaa kwenye ukingo wa handaki, anatoa kofia aliyoianza na uzi wake, mimi nafungua msahafu, na hapo tepe zangu zinakuwa uzi tu mikononi. Bakora hakuwa nayo. Alitumia ule ufito wa kusafishia bunduki. Siku ya kwanza aliponichapa goti mbele ya watu wangu, Kristofa aliangua kicheko mpaka akaketi kwenye matope.

Kristofa hakukosa hata siku moja. Alikaa kando na rozari yake, anasikiliza lugha asiyoijua, na baada ya wiki kadhaa akawa ananijua. Nikifika mahali pa kuteleza anaanza kutabasamu mapema. "Anakuja, anakuja," anasema. Nami nakosea. Maalim alimpenda mno. Walizungumza kazi yao, maana kazi ilikuwa moja: namna ya kumshika mtoto mtoro, namna ya kumfanya mwenye haya afungue mdomo, na mzazi yupi ni mbaya zaidi, asiyekuja kabisa au anayekuja kila siku.

Juzuu ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha tulipovuka mpaka. Tulikuwa tunasonga mbele katikati ya migomba na kahawa, na kila tulipochimba mahandaki mapya, nami nilichimbiwa somo jipya.

Masikio ya Maalim yakawa mali ya kikosi. Alikuwa akisomesha sauti skuli kwa kamba na makopo; huku akapata vifaa vikubwa. Mzinga ukilia mbali, sisi tunasikia mlio. Yeye anafumba macho, anasema: huo unakwenda, si wetu. Au anasema: lala, huo unakuja. Hakukosea. Luteni alianza kumwita mara kwa mara, "Mwalimu, hebu sikiliza." Tatizo lilikuwa moja. Maalim akitaka kusikia vizuri anasimama. Anainuka wima ndani ya handaki, kichwa na mabega nje, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akisimama barazani kumtafuta mtoto mmoja katika sauti ishirini.

Na mimi sikuweza kumkaripia.

Watu wa huku watanielewa. Mwalimu wako wa chuo humwiti kwa jina, humpiti mbele, humpazii sauti. Si amri, ni mwili wenyewe unakataa. Risasi zinapita juu, Maalim kasimama, mimi nimelala kifudifudi nasema, "Maalim, samahani, kama hutojali, naomba uketi." Anasema, "Ngoja kidogo." Nangoja. Kristofa akawa ananiiga kila tukila: "Bwana Risasi, samahani, kama hutojali, naomba upite kushoto."

Luteni hakuona la kucheka. Aliniita pembeni akaniambia mtu yule atakufa kwa adabu zangu. Ama nijifunze kumwamuru kama askari, ama atampeleka nyuma akabebe masufuria, na hapo tutakosa masikio yake. Nikamwambia Maalim. Aliacha sindano.

"Niamuru tu, Hamadi. Nimekusamehe toka sasa. Sema: Faki, lala."

Nilifungua mdomo. "Ma…" Nikashindwa.

Kristofa akanichukua nyuma ya migomba tufanye mazoezi. Alivaa kofia ya Maalim akasimama wima, kafumba macho, mtu wa futi sita na kifua kama mlango. "Nikaripie." Nikamkaripia sawasawa. "Sasa niite Faki." Ulimi ukaganda. Tulijaribu mpaka jua likapungua, tumechoka kwa kicheko, na jina halikutoka. Aliniambia nisijali, siku itakapotakiwa litatoka lenyewe.

Tulikuwa tumebakiwa na juzuu moja.

*

Ilikuwa alasiri, kwenye kilima cha kahawa. Tulikuwa tumechimba nusu tu, ardhi ilikuwa na mawe. Maalim alikuwa ameshatoa uzi.

Mzinga ukalia upande wa pili wa bonde.

Maalim alisimama. Alifumba macho, akageuza kichwa kidogo kushoto. Nilimwona anakunja uso, kama mtu aliyesikia makosa mawili kwa wakati mmoja.

"Miwili," alisema. "Mmoja si wetu."

Hakuketi. Alikuwa anautafuta wa pili.

Nami nikausikia. Mara ya kwanza maishani nilisikia kitu pamoja naye.

"We Faki! Lala chini!"

Akalala. Alianguka kama mtoto aliyechapwa, uso kwenye udongo, na mimi juu yake.

Dunia ikafunguka.

Nilipoinua kichwa udongo ulikuwa bado unanyesha. Upande wa pili wa handaki, pale alipokuwa Kristofa na bunduki yake, hapakuwa na upande. Kijana mmoja wa Singida alikuwa anapiga mayowe, ameshika paja. Luteni anaita. Bunduki zetu zimeanza kujibu. Kelele hizo sijawahi kuzisikia tena.

Maalim aliketi. Alipangusa mdomo. Damu nyembamba ilikuwa inashuka kutoka masikio yote mawili, inaingia kwenye ukosi wa kombati.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza.

*

Kristofa tulimzika kwenye kilima kile, tukamwekea rozari yake. Hatukuwa na padri. Maalim alisimama kwenye kichwa cha kaburi mpaka mwisho, akaitazama midomo ya vijana waliokuwa wakisali sala zao, kisha akachukua sepetu na yeye. Nilimlilia Kristofa wazi wazi, na bado namlilia nikikuta mtu mrefu anayecheka kwa mwili mzima. Alikuwa na watoto wa kigango wanaomngoja. Sikuwahi kufika Mbinga kuwaambia alikuwa mwalimu wa aina gani hata vitani, na sasa miguu hainiruhusu.

Maalim alirudishwa nyuma, hospitali, halafu Pemba. Mimi niliendelea na vita mpaka vilipokwisha. Msahafu ulikuwa kwenye begi langu, juzuu moja imebaki, na sikuwa na wa kumsomea.

Niliporudi Wawi mama alinipokea kwa kunipiga mgongoni, halafu akanikumbatia, halafu akanipiga tena. Alikuwa mzima kama alivyoahidi. Mbuzi alikuwa mnono. Nikamuuliza za Maalim, akageukia jikoni.

Chuo kilikuwa kimefungwa. Niliposimama njiani sikusikia kitu upande ule, na hapo ndipo vita viliponipata kweli, mchana, nyumbani kwetu, na nguo safi mwilini. Maalim alikuwa barazani anashona kofia. Nikambusu mkono. Alinitazama, akafurahi, akaanza kusema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia, mpaka majirani wakatoka.

"Huyu hapa! Watu wote njooni mumwone! Mtu wa mwisho niliyemsikia duniani ni huyu. Na alinambia nini? We Faki! Aliyemsomesha adabu hizo ni nani?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mzaha huo aliutumia mpaka uzeeni. Kila mgeni alielezwa. Lakini nilipotoa msahafu nikamwonesha ile juzuu iliyobaki, uso ulimbadilika.

"La. Sihitimishi nisichokisikia. Nenda kwa mwalimu mwengine."

Nikamwandikia kwenye ubao wa skuli kwamba sitaki mwengine. Akaufuta kwa kiganja. Skuli walikuwa wamempa kazi ya kutunza vitabu. Wazee wa mtaa walikuwa wamemwomba afungue chuo, asimamie tu, na vijana wakubwa wasikilize; akakataa. Alisema mwalimu asiyesikia ni mlinzi wa jamvi. Mama naye alikwenda, akalia mbele yake, na kilio chenyewe hakukisikia. Alirudi akamtazama mbuzi, akasema basi tena.

Mimi ni mkaidi, ndiyo maana nilikimbia chuo, na ukaidi huo huo ndio ulionirudisha. Kila alasiri nilikwenda nikakaa kwenye jamvi lile tupu, karibu na goti lake, nikafungua msahafu nikasoma kwa sauti. Ananambia nenda. Siendi. Anageuza mgongo. Nazunguka nakaa mbele. Anaingia ndani, nasoma mpaka anatoka. Wapita njia walidhani nimerudi na wazimu wa vita. Bi Salima, yule yule wa kurudishwa kila siku, sasa ana mtoto mgongoni, alisimama njiani akanambia, "Hamadi, si hivyo, umekosea," akaenda zake.

Siku moja uzi ulimkatikia. Mara ya pili ukakatika. Nami niko hapo nasoma, nimeachama mdomo mbele ya uso wake. Maalim alitupa kofia, akaninyooshea mkono akanikaba koo. Alinikaba kwelikweli, ili ninyamaze. Lakini nilikuwa katikati ya aya, na katikati ya aya hatukufundishwa kuacha, nikaendelea na kile kipumzi kilichobaki.

Mkono ukalegea. Haukutoka.

Aliniangalia kooni kama anayeangalia kitu kimepita majini. Akasogeza vidole, viwili juu ya kongomeo, gumba chini ya taya.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea. Herufi nzito zilimfikia kwanza, zile za ndani ya koo. Alikuwa anazitaja: hiyo ni ain. Hiyo kha. Nyepesi alizitafuta kwenye midomo yangu kwa macho. Kitabu chenyewe alikuwa nacho kifuani chote, kwa hiyo alijua nini kinafuata. Alichohitaji ni kujua kama mimi nimekifuata. Tulirudia ukurasa mmoja mpaka maghribi. Nilipofika pale Bi Salima aliposema nimekosea, nilikosea tena, na vidole vya Maalim vikanibana.

"Rudi," alisema.

Ee bwana wee. Niliruka. Mtu na masharubu yangu, niliruka juu ya jamvi lile nikapiga kelele njia nzima mpaka kwa mama, nimerudishwa! nimerudishwa! na mama akadhani nimechanganyikiwa hasa, mpaka nilipomvuta mkono akaja akaona. Kesho yake watoto watatu waliletwa. Mwisho wa mwezi jamvi lilijaa.

Hakikuwa tena chuo kile. Watoto walisoma mmoja mmoja, mkono wa Maalim kooni, wengine wanacheza nje wakingoja zamu. Ilikuwa kazi ya polepole, na yeye alizeeka humo. Waliopita mikononi mwake baada ya vita wanasoma vizuri mno mpaka leo, wewe wasikilize misikitini hapa, utawajua kwa herufi zao. Alimjua kila mmoja kwa koo lake. Sauti zao hakuzijua, hata ya mjukuu wake aliyezaliwa baadaye, ambayo watu wote wanasema ni tamu. Ile ghasia ya wote kwa pamoja haikurudi Wawi. Alinambia mara moja tu kwamba ndiyo anayoiota.

Mimi nilihitimu pamoja na watoto wanne, mkubwa wao ana miaka kumi. Walitupanga kwa urefu, na picha ingekuwapo ingechekesha watu mpaka Chokocho, kusini mwa kisiwa. Joho lilinibana mabegani. Dufu zilipigwa, marashi yakamwagwa, vigelegele vikashika njia, na mama, Bi Raya wangu, alivaa kanga mpya akatembea mbele ya watu kama aliyeolewa siku ile. Mbuzi alikuwa ameshaliwa na nusu ya mtaa kabla hatujafika barazani.

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Nikakaa mbele ya Maalim, akaweka mkono mahali pake. Nilisoma bila kosa. Nilijua, na kila aliyekuwapo alijua. Nilipoingia kwenye aya ya mwisho vidole vikanibana.

Nikarudi. Vikanibana tena.

Watu walianza kutazamana. Nikarudi mara ya tatu, polepole, kila herufi mahali pake, na mkono wa Maalim ukakaza zaidi. Mama alisimama. Ndipo Maalim alipoinua macho kutoka kooni kwangu akanitazama usoni.

"Kumbe walia," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Nami nadhani wakosea."

Kicheko kilipasuka, vigelegele juu yake, dufu zikaanza kabla ya wakati. Watoto wanne wale walikuwa wanarukaruka. Maalim alikuwa anaziona dufu zinapigwa. Aliwatazama wapigaji, mmoja mmoja, halafu akanigeukia. Mkono alikuwa bado hajauondoa.

"Soma tena, Hamadi. Si kwa kosa. Nataka niisikie tu."